Uso Kati ya Jua na Kiyoyozi

Saa saba mchana mwezi wa Juni, maduka mengi ya Maskati hufunga kwa mapumziko na barabara za Madinat Sultan Qaboos hubaki tupu. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1970 kwenye vilima vilivyo karibu na Qurum, na leo una nyumba nyeupe, shule, mikahawa, maduka ya dawa na saluni za wanawake. Nje joto linapita nyuzi 40 na unyevu wa bahari unanata mwilini. Ndani, kiyoyozi kinavuma tangu asubuhi na hewa imekauka. Mkazi wa hapa anaingia na kutoka kati ya hali hizi mbili kutwa nzima, na unaoumia kwanza ni uso.

Anayepata taabu zaidi ni mwenye ngozi ya mchanganyiko. Paji la uso, pua na kidevu vina tezi nyingi za mafuta, na joto linapopanda sehemu hizo hung'aa na vitundu vyake huziba. Mashavu yake ni kavu. Kufika jioni yanavuta, na pembeni mwa mdomo kuna vigamba vyeupe ambavyo poda haivifichi. Ngozi hiyo ikiwa pia nyeti, yaani inawasha, inachoma au inavimba kwa kitu ambacho mwenzake anakipaka bila shida, basi kila chupa mpya ni bahati nasibu.

Dawa inayomjia mtu kichwani upesi ni kusugua. Vigamba vinaonekana, kwa nini visiondolewe? Na saluni za Maskati haziishiwi njia za kusugua, kuanzia skrabu za chembechembe hadi hamamu ya Kimoroko, ambayo siku hizi ni huduma ya kawaida katika nchi zote za Ghuba. Mwanamke analazwa kwenye mvuke, anapakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, anaachwa kidogo ngozi ilainike, kisha anasuguliwa kwa glavu ya kitambaa kinachokwaruza mpaka nongo zinatoka kwa mabonge ya kijivu. Kuona mabonge hayo kuna raha yake, na huenda raha hiyo ndiyo inayowafanya watu wasugue hata pale ambapo hapahitaji.

Ngozi haingoji kusuguliwa ili ibadilike. Tabaka lake la juu kabisa lina safu kama 15 hadi 20 za seli zilizokufa, zilizolaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Kila siku seli za juu hudondoka zenyewe bila mtu kuziona. Kwa kijana, safari ya seli kutoka chini hadi kudondoka huchukua takribani wiki 4. Umri ukisogea, safari hiyo hurefuka. Anayesugua kupita kiasi anang'oa seli ambazo muda wake haujafika, na paa linaanza kuvuja.

Kuna jambo moja ambalo wauza vipodozi hawalisemi sana kwa sababu halina chupa ya bei kubwa. Gundi inayoshikanisha seli zilizokufa huyeyushwa na vimeng'enya vya ngozi yenyewe, na vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi. Hewa kavu ya kiyoyozi inapoinyima ngozi maji, gundi haiyeyuki vizuri, na seli badala ya kudondoka mojamoja zinang'ang'ania hadi zinakuwa vigamba. Kwa hiyo vigamba vingi vya mashavu huko Madinat Sultan Qaboos vinaomba krimu kabla ya kuomba skrabu. Mtu akiosha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato na kupaka krimu uso ukiwa bado na unyevu, asubuhi na usiku kwa wiki 2 au 3, mara nyingi nusu ya tatizo huondoka kabla hajanunua kitu kingine.

Sabuni ya mche si sabuni laini, hata kama bibi aliitumia miaka yote. Uso wenye afya una asidi kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida hufika 9 au 10. Ngozi ngumu hulivumilia pengo hilo. Iliyo nyeti hulihisi ndani ya dakika chache, ndiyo ile hali ya uso kukaza baada ya kunawa ambayo watu huidhania usafi.

Kusugua mwili si ugeni kwa Waswahili wa Maskati. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi nyumbani, familia nyingi zilihamia hapa na Kiswahili chao, mapishi yao na singo yao. Singo ni asumini, waridi, mlangilangi na rehani, pamoja na sandali au karafuu kwa kadiri ya mkono wa mtengenezaji. Vinasagwa na kulowekwa kwa marashi, kisha mwili unasuguliwa taratibu. Somo, yaani mwanamke anayemfunda, humsinga bi harusi siku kadhaa kabla ya ndoa. Kila nyumba ina vipimo vyake, na kila nyumba inaamini vya jirani vina kasoro.

Wanaotaka kuifanya singo kuwa skrabu ya kila wiki husahau kwamba bi harusi aliyesingwa alikuwa amefungwa ndani. Hakwenda sokoni, hakukaa barazani, hakuliona jua kwa siku zote zile. Ngozi iliyosuguliwa ilipata kivuli na mapumziko. Mwanamke wa leo anasinga Alhamisi usiku, na Ijumaa yuko ufukweni na watoto saa nne asubuhi. Mila ilikuwa na sehemu mbili, na iliyobaki ni moja tu.

Kwa ngozi nyeti kuna shida ya pili, nayo ni manukato yenyewe. Karafuu ina eujenoli kwa wingi, na eujenoli imo katika orodha ya viambato 26 vya manukato ambavyo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 kwamba lazima vitajwe kwenye lebo kwa sababu vinaweza kuleta mzio. Jeraniyoli inayopatikana katika waridi imo, linaluli ya rehani imo. Kuwa vya asili hakuvizuii kuwasha. Mwenye ngozi ngumu anaweza kusinga atakavyo. Mwenye uso nyeti afurahie singo mikononi na miguuni, shingo na uso aviache.

Kwa miguu, Omani ina msaidizi wake wa asili. Katika chemchemi ya maji moto ya Ain Thowarah, kule Nakhal, na katika mabonde kama Wadi Bani Khalid, wamo samaki wadogo wa jamii ya garra. Ukitumbukiza miguu na kutulia, wanakuja kuidokoa ngozi iliyokufa. Watoto hucheka, wakubwa hushtuka. Ni burudani nzuri, ila mwenye kidonda asithubutu, na hakuna anayependekeza mtu aingize uso.

Uso una njia ya tatu isiyohitaji kusugua wala kudokolewa. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Philadelphia, Eugene Van Scott na Ruey Yu, walichapisha matokeo ya kutibu wagonjwa wenye ngozi ya magamba mazito kwa kuwapaka asidi zinazopatikana katika matunda, miwa na maziwa yaliyochacha. Asidi hizo zililegeza gundi ya seli, magamba yakaachia. Ugunduzi uliokusudiwa wagonjwa ulihamia kwenye vipodozi, na kufikia miaka ya 1990 kampuni nyingi zilikuwa na krimu zao za asidi.

Jina la asidi linatisha, na inafaa litishe kidogo. Lakini kwa ngozi nyeti, asidi dhaifu iliyopimwa mara nyingi ni salama kuliko chembe za sukari au maganda ya kokwa yaliyosagwa, kwa sababu mkono haupimiki. Mtu akiwa na haraka anakandamiza, akiwa na hasira anakandamiza zaidi. Chembe zenye ncha hukwaruza mashavu makavu huku zikiteleza juu ya mafuta ya pua bila kufika ndani ya vitundu vilivyoziba.

Asidi zenyewe hazilingani. Glaikoliki, itokanayo na miwa, ina molekuli ndogo kuliko wenzake wote wa kundi lake, kwa hiyo huzama upesi na huchoma upesi. Si ya kuanzia. Laktiki, ya maziwa, ni pole kidogo na husaidia ngozi kushika maji. Mandeliki, ya lozi chungu, ina molekuli kubwa zaidi na huzama polepole. Polepole kuliko zote hizo ni glukonolaktoni na laktobaioniki, zinazoandikwa PHA kwenye chupa, na hizi ndizo zinazofaa kuliko zote kwa mtu ambaye uso wake umeshawahi kuvimba kwa kipodozi.

Salisiliki ni ya kundi jingine. Ukoo wake unarudi kwenye magome ya mti wa wilo ambayo watu wa kale walitumia kutuliza maumivu, na yenyewe huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo huingia ndani ya kitundu kilichojaa mafuta, mahali ambapo asidi zinazoyeyuka katika maji hazifiki vizuri. Bidhaa za kupaka uso huwa nayo kati ya asilimia 0.5 na 2. Mwenye mzio wa aspirini aiepuke, na mjamzito amuulize daktari wake kwanza.

Hapo ndipo mwenye ngozi ya mchanganyiko anapata nafuu ambayo wengi hawaifikirii: hakuna sheria inayosema uso mzima upakwe kitu kimoja. Salisiliki kidogo inaweza kuishia kwenye paji, pua na kidevu. Mashavu yapate PHA au laktiki isiyozidi asilimia 5, au yasipate chochote zaidi ya krimu. Kuyaacha mashavu bila asidi si uvivu. Kwa watu wengi ndiyo utunzaji unaofaa.

Anayeanza anaanza na kitu kimoja, na haanzii usoni. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri bidhaa mpya ipakwe sehemu ndogo, kwa mfano upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Ikiwa ni bidhaa ya kuosha na kusuuza, ikae kwa muda ule ule ambao ingekaa usoni. Ngozi ikinyamaza, ndipo bidhaa inahamia usoni: usiku, uso ukiwa umekauka, mara moja kwa wiki. Baada ya dakika chache krimu inafuata. Mwezi mzima upite hivyo. Kama hakuna kuchoma wala wekundu, anaweza kwenda mara mbili kwa wiki, na kwa ngozi nyeti mara mbili zinatosha kabisa. Matangazo yanayoonesha watu wakipaka asidi kila siku yamepigwa kwa nyuso za watu wengine.

Usiku wa asidi si usiku wa retinoli, wala wa dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi. Na kuna jambo la saluni: uzi wa nyusi na sukari iliyopikwa kwa ndimu ya kung'olea nywele huondoa pia seli za juu za ngozi. Aliyetoka kufanyiwa hivyo ameshapata skrabu yake, atake asitake. Asubiri siku kadhaa kabla ya kupaka asidi, na aliyepaka asidi jana aahirishe miadi. Anayekwenda hamamu ya Kimoroko abebe glavu yake mwenyewe, na amwambie mfanyakazi waziwazi kwamba uso hauguswi. Kusema hivyo kunahitaji ujasiri kidogo, kwani mabingwa wa glavu hawapendi kuachiwa kazi nusu.

Tiba za jikoni zinastahili kutazamwa kwa jicho kali, kwa kuwa ndizo zinazosambazwa na marafiki kwa nia njema. Ndimu ina pH ya karibu 2, chini mno kwa uso wowote, na ganda lake lina kemikali ziitwazo furokumarini ambazo zikikutana na jua huiunguza ngozi. Malengelenge hutokea, kisha alama nyeusi hubaki kwa wiki au miezi. Papai lina papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Vipodozi vilivyopimwa hukitumia, lakini utomvu wa papai bichi hauna kipimo na huwapa mzio baadhi ya watu. Magadi ya kuoka yana tatizo la sabuni ya mche. Mtindi ndio ulio mpole kidogo kati ya hivi vyote, na hata huo usiachwe usoni saa nzima.

Alama nyeusi ndizo hoja kubwa kwa wasomaji wa makala haya. Ngozi yenye rangi, ya Kiafrika, ya Kiarabu au ya mchanganyiko wa damu za Bahari ya Hindi, hujibu kila jeraha kwa kuzalisha rangi zaidi. Mzungu akijisugua kupita kiasi anabaki mwekundu siku mbili. Mwanamke wa Unguja au wa Maskati anaweza kubaki na mabaka hadi msimu ubadilike. Na hapo wengine huteleza zaidi, wakaenda kutafuta krimu za kung'arisha. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni si utunzaji wa ngozi. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, na zebaki hudhuru figo. Kuondoa seli zilizokufa hurudisha rangi ya mtu mwenyewe, hakumpi ya mwingine.

Sasa jua. Asidi za kundi la glaikoliki huifanya ngozi iungue kwa wepesi zaidi: katika utafiti uliotajwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wiki 4 za glaikoliki ya asilimia 10 ziliongeza wepesi huo kwa asilimia 18, na tofauti ikatoweka wiki moja baada ya kuacha. Asilimia 18 si kitu kikubwa mjini London mwezi wa Desemba. Hapa ni hesabu nyingine. Quriyat, mji wa pwani ulio kusini-mashariki ya Maskati, tarehe 26 Juni 2018 haukuona joto la chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Jua la majira hayo halijaribiwi.

Losheni ya jua yenye SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa ya kutosha na kurudiwa kila baada ya saa 2 kwa aliye nje. Kwa ngozi nyeti, zile za zinki oksaidi huwasha kidogo kuliko nyingine. Kasoro yake ni weupe wa chokaa usoni, na suluhisho ni zilizotiwa rangi ya ngozi: oksaidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao kwa watu wenye rangi huchangia mabaka. Afrika Mashariki nayo inatengeneza losheni ya jua. Kilisun huzalishwa Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Asiyeweza kupaka losheni kila siku asianze asidi. Sharti hili halina njia ya mkato.

Kwa sababu hiyo hiyo mwezi wa kuanza una maana. Kati ya Novemba na Februari Maskati hupoa, viyoyozi hupunguzwa, na mtu anaweza kuisoma ngozi yake bila kelele za joto. Anayeanza Juni hatajua kama uso unachoma kwa asidi, kwa jasho au kwa jua.

Dalili za kuzidisha hujulikana mapema kwa anayezitafuta. Krimu iliyokuwa ikipakwa bila shida inaanza kuchoma. Uso unang'aa mng'ao mkavu usio wa mafuta. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Badala yake kuna joto, kuwasha, au sehemu iliyokolea kuliko jana. Hapo kila kitu kinasimama isipokuwa sabuni laini, krimu na losheni ya jua, kwa wiki 2 hadi 4. Kuongeza seramu ya kutuliza juu ya fujo hiyo ni kuongeza mgeni kwenye nyumba iliyojaa.

Wapo wasiopaswa kuanza kabisa bila daktari: mwenye pumu ya ngozi iliyochachamaa, mwenye rosasia, mwenye chunusi zilizovimba zenye maumivu, na anayemeza dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini. Maskati ina madaktari wa ngozi katika hospitali binafsi na za serikali, Al Nahdha ikiwa mojawapo. Anayekwenda abebe chupa zote anazotumia, hata ile singo aliyoletewa na shangazi kutoka Unguja, kwani daktari hawezi kukisia kilichosagwa ndani yake.